Kabla Mvua ya Oktoba Haijaanza: Kutunza Planta ya Kupanda Bila Kulima

Planta ya kupanda bila kulima ina tabia moja mbaya: ikiharibika haipigi kelele. Jembe la ng'ombe likivunjika utaliona hapo hapo, na pawatila ikikata mkanda utajua palepale. Lakini sahani ya mbegu ikigoma kuzunguka, au mrija wa mbolea ukiziba kwa udongo, planta inaendelea kutembea kana kwamba hakuna kitu. Mfereji unafunguka, unafunikwa, nawe unatoka shambani umeridhika. Unakuja kujua baada ya siku saba hadi kumi, mahindi ya jirani yameshaota na mistari yako ni mitupu. Kwa mkulima wa Kasulu na Kibondo siku hizo hazirudi. Mahindi yanayowahi mvua za Oktoba na Novemba ndiyo yanayokomaa vizuri, na ukichelewesha mahindi umechelewesha pia maharage ya msimu wa pili, yale ya Februari na Machi.

Fremu ya planta nzuri hudumu miaka mingi bila kuhitaji zaidi ya rangi. Zinazokufa ni sehemu zinazozunguka, zinazoteleza na zinazofunguka: beringi, cheni, sproketi, diski, springi, sahani ya mbegu, skrubu ya mbolea. Zinakufa mapema kuliko za planta ya kawaida kwa sababu kazi yake ni nzito zaidi. Kwenye shamba lililolimwa udongo umeshalainishwa na majani yameshafukiwa. Planta ya kupanda bila kulima inapita juu ya mabua ya mwaka jana, inayakata, inapasua ardhi ambayo haijaguswa tangu mavuno, inaweka mbolea na mbegu kwa kina chake, kisha inafunika. Kazi yote hiyo imeachiwa vyuma vichache vinavyoshinda kwenye vumbi na chumvi ya mbolea.

Katika nyanda za juu za Kigoma wenye mashine hizi bado ni wachache. Jembe la mkono ndilo linalobeba kilimo. Uzoefu mwingi wa Tanzania wa kupanda bila kulima umetoka kaskazini, Karatu na Arumeru, ambako mradi wa CA-SARD uliosimamiwa na FAO ulianza mwaka 2004 kufundisha kilimo hifadhi kwa mashamba darasa. Baadaye, kuanzia 2013, mradi wa FACASI chini ya CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, ulifanyia majaribio planta ndogo za kufungwa kwenye pawatila nchini Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zimbabwe. Funzo moja la kazi hizo linamhusu moja kwa moja mkulima wa Makere au Mabamba: planta ndogo hurudisha gharama yake ikizungukia wakulima wengi kwa kukodishwa. Maana yake itafanya kazi kutwa, mikononi mwa watu tofauti, kwa wiki chache zilizobanana. Kwa hiyo kikundi, kabla hakijatoa hata shilingi moja ya kununua planta, kimchague mtu mmoja wa kuitunza. Kimpe spana, bomba la grisi na daftari, na kimlipe. Pawatila nyingi zilizosambazwa enzi za kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza, iliyozinduliwa 2009, ziliishia kuvuta tela, na mimi naamini kukosekana kwa mtu wa namna hiyo kulichangia sawa na kukosekana kwa vipuri.

Fuata mwendo kuanzia kwenye gurudumu

Usianze na spana. Inua planta, iweke juu ya matofali au magogo mawili ili gurudumu likae hewani, kisha lizungushe kwa mkono polepole huku ukisikiliza. Kwenye planta nyingi ndogo, ziwe za ng'ombe au za pawatila, gurudumu linalotembea ardhini ndilo linaloendesha kila kitu. Linavuta cheni, cheni inazungusha shafti, shafti inazungusha sahani ya mbegu upande mmoja na skrubu au rola ya mbolea upande wa pili. Ng'ombe au injini inavuta tu, haihusiki na mbegu. Gurudumu likiteleza juu ya majani, mbegu hazidondoki. Likizunguka kwa kushtukashtuka, zitadondoka kwa mafungu: hapa sentimita 15, pale 60.

Mkono wako utakuambia mengi. Ukisikia mshtuko mmoja kwa kila mzunguko, jino la sproketi limevunjika au kiungo kimoja cha cheni kimeganda. Gurudumu likiwa zito upande mmoja na jepesi upande wa pili, shafti imepinda au sahani inasugua ukuta wa boksi. Mlio wa kusaga mchanga ni beringi. Weka alama ya chaki pale unapohisi tatizo, halafu ndipo ufungue. Planta za Kichina za pawatila zenye visu vinavyozungushwa na injini kuchana ukanda mwembamba wa udongo zina kazi ya ziada: ndani ya kava la visu kuna cheni kubwa au gia zinazoogelea kwenye oili, na oili hiyo ikaguliwe kila asubuhi. Injini iwe imezimwa kabisa kabla hujaingiza mkono popote.

Cheni inatakiwa kucheza kidogo. Ibonyeze katikati kwa kidole. Ikishuka kati ya sentimita 1 na 2 iko sawa. Ikikazwa mno inakula beringi za shafti. Ikilegea inaruka meno, na kila ikiruka kuna mahali mbegu haikudondoka. Kupima uchakavu, ivue, ioshe kwa dizeli, ilaze mezani, inyooshe, kisha pima viungo 24. Kwenye cheni mpya ya nusu inchi, viungo 24 vina sentimita 30.5. Ikifika 31 imekwisha. Tazama na meno ya sproketi: yakiwa yamekuwa membamba na kulalia upande mmoja, badilisha vyote pamoja, kwa sababu cheni mpya kwenye sproketi iliyochakaa haimalizi msimu ikiwa nzima. Waendesha bodaboda hulijua hili, ndiyo maana wananunua seti.

Na bodaboda wanatusaidia kwa jambo kubwa zaidi. Umbali wa nusu inchi kati ya pini na pini, yaani milimita 12.7, ndio wa cheni namba 428 inayofungwa kwenye pikipiki nyingi za biashara, na planta nyingi ndogo zimetengenezwa kwa cheni ya umbali huo huo. Kwa hiyo duka la vipuri vya pikipiki la Kasulu au Kibondo mjini ndilo ghala lako la kwanza, kabla hujafikiria Kigoma, Mwanza au Arusha. Usiende mikono mitupu. Beba kipande cha cheni ya zamani pamoja na sproketi yenyewe, ujaribu dukani: cheni ikae hadi chini kabisa kati ya meno, isibane pembeni, isipande juu ikizungushwa. Cheni ya baiskeli ina umbali huo huo lakini ni nyembamba. Kama planta yako haikutoka kiwandani na cheni ya baiskeli, usiilazimishe.

Sasa kuhusu mafuta, maana hapa ndipo planta nyingi zinapoharibiwa kwa nia njema. Cheni iliyo wazi usiipake grisi. Grisi inaokota vumbi jekundu la kiangazi, na mchanganyiko huo unasaga chuma siku nzima. Tumia oili nyepesi, tone moja kwa kila kiungo, jioni baada ya kazi. Zungusha gurudumu mara kadhaa oili iingie ndani, kisha futa nje kwa kitambaa mpaka cheni ionekane kavu. Oili inayofanya kazi ni ile iliyoingia kwenye pini. Ya nje inakusanya mchanga tu. Kwetu Kigoma mawese hayakosekani, na kishawishi cha kuyatumia kwenye vyuma ni kikubwa. Yaache yabaki jikoni. Yana asidi inayokula chuma polepole, yanaganda usiku wa baridi wa huku juu, na yanaita panya.

Sahani ya mbegu

Sahani ni duara, mara nyingi la plastiki, lenye matundu ukingoni, kila tundu la punje moja. Juu yake kuna brashi au kikwaruzo cha kupangusa punje ya ziada, na kando yake kidole kidogo chenye springi kinachoisukuma punje itoke kwenye tundu kudondokea mfereji. Kidole hicho ndicho chanzo cha mistari mitupu mingi, na ndicho kisichotazamwa na mtu. Kisukume kwa ncha ya kalamu. Kinapaswa kurudi chenyewe, upesi, bila kusitasita. Kikibaki chini, au kikirudi kwa uvivu, tazama kwenye kiungio chake: utaona ukoko mwembamba wa rangi nyekundu au kijani. Ni vumbi la dawa iliyopakwa kwenye mbegu chotara. Ukipata unyevu wa asubuhi, ukoko huo unashika kama saruji.

Usafishe kwa mswaki wa zamani, ukiwa mkavu, halafu kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu uache sehemu hiyo ikauke. Vaa glovu na funga kitambaa puani, kwani hiyo ni sumu. Brashi na kitambaa hicho visirudi nyumbani kwa matumizi mengine. Kamwe usitie oili wala grisi ndani ya boksi la mbegu. Oili ikikutana na vumbi la mbegu inakuwa gundi. Kilainishi kinachofaa hapo ni unga wa grafiti, kiasi cha kijiko cha chai kwenye boksi lililojaa, ukachanganywa na mbegu. Ukiukosa, risasi za penseli zilizosagwa laini hufanya kazi ileile.

Sahani ilingane na mbegu ya mwaka huu, si ya mwaka jana. Punje za mfuko mmoja na za mfuko mwingine hazilingani kwa ukubwa, na maharage yanatofautiana zaidi ya mahindi. Chukua punje ishirini za mbegu utakayopanda, uziweke kwenye matundu kwa mkono. Zikae bila kusukumwa, na kusibaki nafasi ya punje ya pili. Tundu kubwa linadondosha mbili mbili. Dogo linavunja punje. Ukikuta punje zilizopasuka chini ya boksi, ujue ama sahani siyo ya mbegu hiyo, ama imechakaa na kuacha mwanya chini ambako punje zinabanwa.

Kisha jaribio, ambalo nalihimiza kuliko kitu kingine chochote humu. Pima gurudumu kwa kulisukuma mzunguko mmoja ardhini na kupima alama hadi alama. Tuseme kipenyo chake ni sentimita 40: mzunguko mmoja utakuwa kama sentimita 126, na mizunguko kumi mita 12.6. Kwa mahindi ya sentimita 30 shimo hadi shimo, mizunguko kumi inatakiwa kutoa punje 42. Planta ikiwa juu ya matofali, tia mbegu, funga mfuko chini ya mrija, zungusha mara kumi kwa mwendo wa mtu anayetembea, uhesabu. Punje 39 hadi 44 zinakubalika. Ukipata 30, au 55, usiende shambani. Rudi kwenye kidole, brashi na sahani. Fanya hivyo kwa kila mstari wa planta peke yake, kwa kuwa mstari wa kulia unaweza kuwa mzima na wa kushoto mgonjwa.

Shambani gurudumu huteleza kidogo, kwa hiyo jaribio la kwenye matofali halitoshi. Baada ya mita chache za kwanza simama, fukua mita 3 za mstari kwa vidole, utafute punje kumi. Rudia kila unapojaza boksi. Mwenye shamba anayelipa kukodi planta ana haki ya kuomba kufukuliwa mbele ya macho yake, na mwendeshaji mzuri hatamsubiri aombe.

Namba iliyo ukingoni mwa beringi

Beringi nyingi za planta ndogo ni za kawaida kabisa, zinapatikana hata mahali ambapo hakuna aliyewahi kuiona planta. Tatizo ni kwamba watu huenda dukani wakasema "nataka beringi ya planta", wakarudi bure. Futa ukingo wa beringi usome namba. Ikiwa 6204, tarakimu mbili za mwisho zizidishe kwa 5: 04 inakupa milimita 20, ndiyo kipenyo cha tundu linaloingia kwenye shafti. 05 ni milimita 25. Chini ya 04 kanuni hiyo haifuatwi: 03 ni milimita 17, 02 ni 15, 01 ni 12. Beringi ya 6204 ina milimita 47 kwa nje na unene wa 14, popote duniani ilipotengenezwa. Andika namba zote za mashine yako kwenye jalada la daftari, na pia uzipake kwa rangi kwenye fremu, maana madaftari hupotea.

Baada ya namba huja herufi. 2RS maana yake ni kwamba beringi imefunikwa kwa raba pande zote mbili; ZZ imefunikwa kwa bati. Kwa planta chagua 2RS. Bati huacha mwanya mwembamba, na vumbi la shambani ni jembamba zaidi. Beringi ya raba haipigwi grisi. Ikianza kulia, inabadilishwa.

Zile zenye kitundu cha grisi ndizo za kuhudumiwa. Futa kitundu kwanza, vinginevyo utasukumia mchanga ndani kwa nguvu zako mwenyewe. Piga grisi ya lithiamu namba 2 mpaka ile ya zamani ianze kuchungulia, hapo acha. Ukizidisha unapasua sili, na sili ikipasuka beringi imeshakufa. Fanya jioni, vyuma vikiwa bado na joto la kazi: grisi inapenya vizuri na unyevu wa usiku hauna pa kuingia.

Kuipima beringi ya diski, ishike diski kwa mikono miwili, itikise mbele na nyuma. Ikigongagonga, imechakaa. Unapofunga mpya, ukiiingiza kwenye shafti gonga ringi ya ndani; ukiiingiza kwenye nyumba yake gonga ringi ya nje. Tumia kipande cha bomba kinachokaa sawasawa kwenye ringi hiyo. Ukigonga ringi isiyohusika, nguvu inapita kwenye gololi, zinaacha alama ndogo, na beringi mpya inaanza kulia kabla ya wiki kuisha. Na ukienda kwa wenye mashine za kuoshea pikipiki, waambie wasielekeze maji ya presha kwenye beringi.

Diski, udongo na umande

Diski butu haikati bua, inalikunja na kulisukumia ndani ya mfereji. Mbegu inalala juu ya majani badala ya udongo, inavimba kwa mvua ya kwanza, inakauka. Ukifukua na kukuta majani yamekunjwa chini ya mbegu, jawabu liko kwenye mojawapo ya mambo matatu: ukali wa diski, uzito unaoisukuma chini, au saa uliyoanza kazi. Bua lenye umande ni laini na linanyumbulika. Likishakauka linakatika. Kuanza saa tatu au nne asubuhi badala ya saa moja kumesaidia wengi kuliko grainda.

Ukinoa, noa taratibu, ukipoza kwa maji. Chuma kikigeuka rangi ya bluu kimepoteza ugumu wake. Andika kipenyo cha diski ikiwa mpya, upime kila Agosti. Ikipungua sentimita 2.5 ishushe au ibadilishe, kwa sababu diski ya kukatia inatakiwa kwenda chini kidogo kuliko jino la kufungua mfereji linaloifuata. Kwa planta zenye diski mbili zinazokutana kwa mbele kama herufi V, chomeka vipande viwili vya karatasi kati ya diski, kimoja kutoka juu na kingine kutoka chini, mpaka vigome. Umbali kati ya karatasi ndio urefu wa mahali diski zinapogusana, na sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Karatasi zikipita bila kugoma, mfereji utakuwa na tuta katikati kama W na mbegu haitakaa kina kimoja. Toa wosha moja kutoka ndani ya diski uiweke nje, zitakaribiana tena.

Udongo nao una lake. Udongo mwekundu mzito wa milima ya Heru Juu, ukilowa, unajaza magurudumu ya kushindilia na kuyaongeza kipenyo. Vikwaruzo vyake viachwe milimita 2 hivi kutoka kwenye gurudumu, na udongo ukianza kunata kabisa ni heri kusubiri nusu siku. Kadiri udongo unavyozidi kuwa na mchanga ndivyo unavyopungua kunata, lakini unakula ncha za meno na kingo za diski kwa kasi zaidi. Anayekodisha planta kwenye udongo wa aina zote mbili asipange ratiba moja ya matengenezo.

Pini au bolti ya kukatika, ile inayolinda jino likigonga kisiki, isibadilishwe kwa msumari wala bolti ngumu. Mashamba yetu mengi yalikuwa miombo juzi tu, na mizizi bado iko chini. Bolti laini ikikatika umepoteza bei ya soda. Ikikataa kukatika, shafti inapinda. Beba za akiba kumi.

Nati zote hulegea siku ya kwanza ya msimu. Zikaze baada ya saa moja ya kazi, kisha chora mstari wa rangi unaovuka nati na fremu. Kuanzia hapo huhitaji spana kukagua: mstari ukikatika, nati imesogea.

Mbolea haisamehe

DAP na urea hunywa maji ya hewani. Zikilala usiku mmoja ndani ya boksi zinaganda, na skrubu ya mbolea ikilazimishwa asubuhi inavunja pini yake au kukata cheni. Wakati huo huo chumvi ya mbolea hizo inakula chuma. Kwa hiyo boksi la mbolea humwagwa kila jioni, bila kujali umechoka kiasi gani. Toa skrubu, osha kwa maji, kausha, paka oili nyembamba. Wakati wa mvua za Novemba hii ndiyo kazi inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua planta itaishi miaka mitatu au kumi.

Mbolea nayo ipimwe. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, mistari ikiwa sentimita 75, ni kama gramu 9 kwa mita. Kwa ile mizunguko kumi ya mita 12.6, mfuko ulioufunga chini ya mrija unatakiwa kuwa na gramu 115 hivi. Mizani ya duka la kijijini inatosha.

Kipandio cha mkono

Wengi wataanza na hiki, na watu hukidharau kwa sababu hakina gurudumu. Kina mdomo wa bati unaofunguka, bawaba moja, kitelezi cha mbegu na cha mbolea. Mikono ikiwa imeachana mdomo umefungwa. Unauchoma ardhini hivyo hivyo, unaikutanisha mikono, mdomo unafunguka na mbegu inadondoka. Ukichoma mdomo ukiwa wazi, udongo unajaa ndani na utapanda mashimo matupu mpaka ugeuze utazame. Geuza utazame kila mwisho wa mstari.

Bolti ya bawaba ikikazwa mno mdomo unachelewa; ikilegea midomo miwili haikutani na punje inachomoka kabla ya wakati. Iwe na nati mbili, ya pili ya kuifungia ya kwanza. Kitelezi kisafishwe kikavu. Midomo ikishaliwa, fundi wa kuchomelea ataongeza kipande cha springi ya zamani ya gari ndani ya muda mfupi tu.

Agosti, Januari, Juni

Kazi kubwa ya kufungua kila kitu ifanywe Agosti. Pesa za mavuno bado zipo, mafundi hawajabanwa, na kipuri kinachoagizwa kutoka mbali kina wiki za kusafiri. Januari, kabla ya maharage, fanya ukaguzi mfupi: cheni, kidole cha springi, sahani ya maharage na jaribio la mizunguko kumi.

Kwenye boksi la shambani uwe na kiungo cha kufungia cheni na kipande cha viungo kumi, beringi moja ya diski, springi ya kidole, bolti za kukatika, waya wa kuzibulia mrija, mswaki, oili na spana za namba zinazohusika, siyo seti nzima inayoishia kuachwa nyumbani.

Mvua zikiisha, Juni, osha planta yote na iache juani siku nzima. Legeza springi zote zisilale zimekazwa. Vua cheni, izungushie kitambaa chenye oili, ifunge kwenye mfuko. Sahani za plastiki zitoe, andika kila moja ni ya mbegu gani, zitundike darini mbali na panya, kwa kuwa harufu ya mbegu hubaki. Weka mashine juu ya magogo ndani ya banda, siyo chini ya mwembe. Halafu kaa na daftari, nakili namba za kila kilichochakaa, na karatasi hiyo pamoja na hela yake umkabidhi yule wa kikundi anayeshuka Kigoma mjini kabla ya Nanenane.